Kibuyu cha Jeruto Kwenye Nyumba ya Picha

Asubuhi ile ya mwaka wa hamsini na moja, benchi la kahawa pale Bondeni, Nakuru, lilikuwa limejaa mpaka linalia. Katikati aliketi Jeruto, mikono ndani ya shuka, kahawa hajaigusa. Kulia kwake Ngigi, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, na kikombe chake cha bati kilichobonyea, anachotoka nacho nyumbani. Kushoto Zeddy, aliyewahi kumpikia hakimu supu, basi akajiita Jaji. Jana yake Jeruto alikuwa amepanda Milimani kuona ile nyumba kuukuu ya mawe ambayo memsahib mmoja wa Kizungu, mjane, ameijaza picha za kisasa, akaifungulia kila mtu. Na humo, juu ya kimeza cheupe, akakikuta kibuyu chake cha maziwa! Kiprugut mumewe, mpalilia maua wa huko, alikuwa amekisahau barazani, memsahib akakidhani ni sanaa. Na Jumamosi wakwe wanakuja. Watapewa maziwa kwa sufuria?

— Kiko peke yake? Redio akauliza.

— Peke yake kama bibi arusi, kimebandikwa karatasi yenye namba. Ukutani kuna picha ya mama mwenye macho mawili upande mmoja wa pua, na hakuna anayemtazama. Wote wako kwa kibuyu changu!

— Huyo mama ni askari, Redio akasema. Macho yote amewekewa upande wa kibuyu. Ukikigusa, anapiga nduru.

— Wacha ujinga, Jaji akasema. Mimi nimekaa na sheria miaka sita.

— Ulikaa na supu!

— Supu ya sheria. Kitu kikishawekewa karatasi yenye namba, ni cha serikali. Bado kutozwa kodi tu.

— Kodi gani, kibuyu?

— Ya kichwa. Si kina shingo? Si kina mdomo?

— Basi mimi najua zaidi, Redio akasema. Kinapelekwa Ulaya, wakiige watengeneze ndege. Tumbo kinalo, bado mabawa. Wakwe wako watakunywa, Jeruto, lakini kitakuwa kinapita juu ya mlima Menengai, nao wamefungua midomo!

Jeruto alicheka mpaka machozi, lakini ndani ya shuka mkono wake ulikuwa umeshika kitu kwa nguvu.

Pembeni aliketi Wasike, mpakuaji mizigo mgeni pale stesheni. Akakohoa.

— Samahani, mama. Ulipomwambia memsahib ni chako, alisemaje?

Redio akazimika. Jaji akatazama ndani ya kikombe chake kama anayesoma hukumu.

— Sikumwambia, Jeruto akasema polepole. Wazungu watatu walikuwa wamekiinamia, kofia mkononi. Kibuyu cha marehemu mama yangu! Nilifurahi mpaka nikasahau kukidai.

Akatoa mkono. Ndani yake mlikuwa na kifuniko cha ngozi chenye ushanga.

— Hiki hakifungi kibuyu kingine duniani. Naenda.

Akamaliza kahawa kwa pumzi moja, akainuka, akamnyang'anya Redio kikombe cha bati na kumwaga machicha.

— We mama! Kikombe changu!

— Siwezi kuacha kile kimeza cheupe cha watu kitupu.

— Na mimi nitanywea nini?

— Jumamosi njoo unywe maziwa. Leo tuone kama na chako watakivulia kofia.