Fundi Vioo Asiye na Kioo Nyumbani

Benchi la kona lina miguu mitatu na tofali moja, na lina wenyewe. Yupo Kipaza, fundi redio, ambaye akinong'ona mtaa wa pili unaitikia. Yupo Mstaafu, karani wa zamani, mwenye methali kwa kila jambo na hakuna hata moja inayolingana na jambo lenyewe. Na yupo Fundi Vioo, mwenye karakana hapo hapo nyuma ya benchi. Huyu kwa kawaida hapitwi na neno, lakini leo kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi na mdomo kaufunga. Wenzake wakamchokonoa mpaka akatapika.

— Shemeji yenu ameondoka.

— Ameondoka! — Kipaza akaruka, na muuza kahawa naye akageuka. — Kaenda wapi?

— Kwa dada yake. Eti kule kuna kioo.

Wakatazamana. Karakana nzima nyuma yao ilikuwa vioo, vimeegemezwa ukutani vikubwa kwa vidogo.

Ikabidi Fundi aeleze. Kwamba mkewe ameondolewa titi moja kwa sababu ya saratani, hilo walilijua. Wasilolijua ni kwamba siku aliporudi kutoka hospitali, Fundi alikuwa ameshabandua vioo vyote vya nyumba: cha chumbani, cha bafuni, hata kile cha kunyolea ndevu. Siku hizi anajinyoa kwa kupapasa, ndiyo maana kidevu hakiishi plasta. Alifanya hivyo kwa mapenzi, maskini, mkewe asije akajiona akaumia. Naye mkewe hakusema kitu, mpaka alipoanza kwenda kwenye kikundi.

— Kikundi gani tena? — akauliza Mstaafu.

— Cha akina mama walioumwa kama yeye. Wanakutana hospitalini, yupo na mshauri, wanazungumza jinsi wanavyoiona miili yao.

— Wanachangishana?

— Hawachangishani. Wanazungumza.

— Sasa zamu yako ikifika unapokea nini?

— Unasikilizwa.

Kipaza akatikisa kichwa kwa uchungu. — Mimi niko kijiwe hiki miaka yote, sijapewa zamu hata siku moja.

— Wewe huwa hungoji zamu, — akasema Mstaafu. — Endelea, Fundi.

— Basi wakapewa kazi ya nyumbani. Kila mmoja asimame mbele ya kioo ajitazame, taratibu, aanze na uso, ashuke mabegani, mpaka siku atakayoweza kulitazama kovu. Halafu akawaambie wenzake ameona nini. Karudi jana, kioo hakuna. Nikamwambia nimeviondoa kwa ajili yake. Jamani, alilia! Siku ya upasuaji hakulia vile. Akaniambia, "Kumbe hata wewe umeona mimi si wa kutazamwa." Akafunga kanga zake akaenda.

Fundi akakitua kikombe chini. Alimpenda yule mwanamke, na hofu ya kwamba huenda asirudi ilikuwa haijamwacha tangu jana.

Mstaafu akakohoa. — Wahenga walisema, nyani haoni kundule.

— Nyani ni nani hapo?

— Ah, sisemi shemeji! Methali tu, bwana, imenitoka.

— Basi irudishe ilikotoka!

— Msigombane, — akaingilia Kipaza. — Kosa ni la vioo. Vioo vya siku hizi vinaongeza mambo. Mtafutie cha zamani, chenye ukungu.

— Au mkatie kifupi, — akasema Mstaafu, — kinachoishia shingoni.

— Hapana, hapana! Tubandue vioo vya mtaa mzima! Vya saluni, vya magari, vyote. Asiwe na kioo mtu yeyote, tuone shemeji atajisikia mpweke vipi!

— Kipaza, dawa ya moto ni moto. Fundi, mjengee chumba cha vioo vitupu. Kuta vioo, dari kioo, mlango kioo. Atazoea tu.

Na Fundi, mtu mzima na akili zake, akajikuta anapiga hesabu ya dari.

Pembeni alikuwa amesimama dereva wa lori, mgeni wa kona ile, aliyekuja kutafuta kioo cha pembeni cha gari lake. Alikuwa amesikia yote, maana Kipaza hafichi. Akajongea kwa adabu.

— Samahani, kaka zangu, nauliza tu. Tangu bandeji zitoke, wewe mwenyewe umeshamtazama?

Mstaafu akaitafuta methali, ikakosekana.

Fundi alikumbuka kwamba tangu siku ile anapiga hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Anakohoa, anangoja, mpaka mkewe aseme ameshavaa. Usiku ni yeye anayewahi kuzima taa. Yote hayo alikuwa anayaita heshima. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Bado, — alisema.

Akainuka, akasogea hadi ukutani na simu yake, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo, hakuna aliyetega sikio. Mkewe alipopokea, Fundi alisahau yote aliyokuwa amejipangia.

— Mama watoto, si wewe. Ni mimi niliyekuwa sitaki kuona. Naomba nije nikutazame, ukiniruhusu.

Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

— Naogopa, — Fundi akaongeza, machozi yakimtoka hadharani bila kuyafuta.

— Na mimi naogopa, — mkewe akasema. — Njoo tuogope wote.