Alama Mbili za Swali la Kumi na Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi mliokuja kumsindikiza Mwalimu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Karatasi hii inasomwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kabla hajaanza anaomba radhi. Humu ndani kuna jambo ambalo angependa kuliruka, lakini marehemu alimwapisha asiliruke. Likifika mtalijua, maana sauti ya msomaji itabadilika.

Mwalimu, ambaye mji mzima ulimwita Kwa Nini, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1951, katika nyumba ya tatu nyuma ya mitambo ya maji, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa mwendesha pampu. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mkunga akafika amelowa chapachapa, na kwa maneno ya bibi, mtoto alilia mara moja tu kisha akanyamaza kusikiliza mabati. Ushahidi hatuna, lakini bibi hakuwa mtu wa kubishiwa. Alipokuwa na miaka sita alimuuliza baba yake maji yakishatumika huenda wapi. Mzee, mikono imejaa grisi, akamjibu, "Hayaendi popote. Yanazunguka tu kama umbea. Ya leo kwako, kesho utayakuta kwa jirani." Marehemu alisema hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza la sayansi, na kwamba chuoni hawakumwongezea mengi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu, alikopata cheti mwezi Desemba 1971. Ripoti yake ya kidato cha pili bado ipo, imekunjwa mara nne. Mwalimu wa darasa ameandika: "Ana bidii, ila anachosha." Alikuwa akiwasomea wageni ripoti hiyo kwa majivuno makubwa.

Januari 1972 alianza kufundisha sayansi na jiografia katika shule ileile aliyosoma, na hakuhama hata siku moja mpaka alipostaafu mwaka 2010. Miaka thelathini na minane, chumba kimoja, dirisha moja lisilofungika vizuri. Waliopita mikononi mwake wanalikumbuka somo la jiko. Asubuhi ya baridi aliingia na jiko la mkaa limewaka, akalitua katikati ya darasa. Hilo ni jua. Waliokaa karibu waliitwa Zuhura, waliokaa nyuma kabisa waliitwa Mirihi, na wa katikati ndio Dunia. Zuhura wakitiririka jasho, Mirihi wakitetemeka, Dunia wakiwacheka wote. "Mmeona?" alisema. "Tumepewa kiti kizuri. Ndiyo maana tupo." Lilikuwa somo tamu, na mwisho wake kulikuwa na kosa.

Lakini kabla ya kosa kuna harusi. Tarehe 18 Desemba 1976 alimuoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye leo ni mjane wake. Inasemekana siku ya kwanza alimkuta akianika vitambaa, akaanza kumweleza namna jua linavyoyageuza maji kuwa mvuke, upepo ukauchukua, ukawa wingu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, pini mdomoni. Akazitoa, akasema, "Kaka, mimi najua nguo inakauka kwa sababu nimeianika. Ulitaka kushonewa nguo au kuhutubia?" Mwalimu akashonewa suruali ambayo hakuihitaji. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, na katika miaka arobaini na minane ya ndoa hakushinda ubishi nyumbani hata mmoja.

Sasa tumefika pale.

Novemba 1989, darasa la saba walifanya mtihani wa kufunga mwaka. Swali la kumi na saba, alama mbili: "Kwa nini Dunia ina viumbe hai?" Jibu lililotakiwa lilikuwa lile la jiko, kwamba iko umbali unaofaa kutoka kwenye jua. Mwanafunzi mmoja, binti wa dereva wa greda la barabara, aliandika hivi: "Umbali peke yake hautoshi, kwa sababu mwezi nao uko umbali uleule na hauna hata jani." Mwalimu alikuwa ameshasahihisha karatasi sitini na mbili na macho yamechoka. Akampa sifuri, akaandika kwa wino mwekundu, "Jibu ulichofundishwa." Siku ya kurudisha karatasi binti alinyoosha mkono kuuliza. Mwalimu Kwa Nini, yeye na jina lake hilo, akamwambia, "Shusha mkono, mama, tuendelee."

Binti akapata arobaini na sita. Aliyemzidi kwa alama moja, akawa wa kwanza, alikuwa mpwa wa mwalimu. Huyu huyu mnayemsikiliza. Jina lake likapakwa rangi kwenye ubao wa washindi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mji ukamwita Namba Wani, naye hakulikataa jina hata kidogo. Alilipaka kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, akalipaka na ubavuni mwa gari lake, kwa herufi ambazo hata asiyevaa miwani anaziona.

Mwalimu alilijua kosa lake Machi 1990, siku ya Jumapili, jikoni. Mkewe alikuwa ameacha sufuria mbili za maji kwenye makaa, ukubwa mmoja, maji sawa, moto sawa. Moja ilikuwa na kifuniko. Mchana ile yenye kifuniko ilikuwa na maji yake, na nyingine imekauka inanuka chuma.

"Nilikuambia ufunike zote mbili," mkewe alisema.

"Lakini zote zilikuwa umbali mmoja kutoka kwenye moto," alisema Mwalimu.

"Umbali utakusaidia nini kama kifuniko hakuna?"

Mwalimu akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Alieleza baadaye kwamba alisikia aibu ikimpanda kuanzia miguuni. Dunia ina kifuniko cha hewa, na inakishikilia kwa sababu ni nzito kiasi cha kukivuta kisitoroke. Mwezi ni mwepesi, hewa haikai, na pasipo hewa maji nayo hayakai. Kiti kizuri ni mwanzo tu. "Yule mtoto alikuwa sahihi," akasema. Mkewe, ambaye hakuwa na habari za mtoto yeyote, akamjibu, "Basi nenda kamwambie."

Alikwenda Jumatatu. Familia ya dereva ilikuwa imehama na greda lake, barabara mpya, hakuna aliyejua wapi. Akaenda kwa mwalimu mkuu, aliyemsikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwalimu, ubao umeshapakwa rangi."

Kuanzia hapo alifundisha vingine. Jiko lilibaki, ila baada ya jiko zilikuja barua. Kila mtoto alipewa kitu kimoja cha dunia, akiandikie kitu kingine. Moja ya mwaka 1996 tunayo: "Mpendwa Mnyoo, habari za huko chini? Mimi ni Wingu. Wewe ulilainisha udongo, udongo ukashika maji, mti ukayanywa, ukayatoa kwenye majani, na mimi ndimi hayo maji. Asante sana. Nakuja Jumanne, usikae mlangoni." Aliwaambia hakuna kitu duniani kinachoishi kwa kazi ya mikono yake peke yake. Mto unasaga mawe na kubeba chumvichumvi zake mpaka baharini, vijani vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho vinakula hizo na kutoa hewa, na hewa hiyo unaivuta wewe uliyeko huku, ambaye bahari hujaiona. Na hakumwambia tena mtoto yeyote ashushe mkono. Vipindi vyake vilichelewa kwisha mpaka mwalimu wa hesabu akamnunia.

Miaka yote hiyo alimtafuta binti. Alimpata Agosti 2019, kupitia kikundi cha simu cha wanafunzi wa zamani. Alikuwa fundi wa friji katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Mwalimu alimchukua mpwa wake amsindikize, bila kumwambia wanafuata nini. Karakana ilikuwa na friji kumi na moja, nyingine zimelazwa chali. Dada huyo fundi alijifuta mikono, akamwamkia Mwalimu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwalimu. "Nimekuja kukurudishia alama mbili."

"Alama gani, Mwalimu?"

Akamsimulia yote, mbele ya mpwa ambaye wakati huo alikuwa anatafuta mahali pa kutazama. Dada alifikiri sana, kisha akatikisa kichwa.

"Swali silikumbuki kabisa, Mwalimu. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya siku ile sikunyoosha mkono tena. Hata sekondari. Najua jibu, nanyamaza."

Mwalimu alilia. Inasemwa wazi hapa kwa sababu mwenyewe aliisema wazi. Dada akamletea kiti na maji, akasubiri. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu mguu uliowahi kuvunjika, "Kwani jibu lilikuwa nini?" Wakazungumza kwa muda wa saa mbili. Mwalimu alieleza kifuniko cha hewa, dada akaeleza kwamba friji ikivuja gesi, umeme unaweza kuwepo, mota ikazunguka, na bado isipoze hata glasi moja, kwa hiyo wateja wanaolaumu umeme kila siku wanakosea swali hilohilo. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Kwenye basi la kurudi alimwambia mpwa wake kwamba mwalimu mkuu wa sasa amekubali kurekebisha ubao, ila anataka barua yenye saini ya aliyeandikwa.

"Mjomba, gari langu limeandikwa," mpwa akasema.

"Rangi inafutika."

Mpwa akaichukua barua, ambayo Mwalimu alikuwa ameshaiandika. Miaka mitano na nusu hakuitia saini. Kila Mwalimu alipomuuliza, kulikuwa na shehena ya saruji inashushwa. Haya ndiyo aliyotaka kuyaruka.

Mwaka 2023 mapafu ya Mwalimu yalianza kuchoka. Alilazwa mara tatu, na mara zote aliwachosha wauguzi kwa maswali. Alipowekewa mtungi wa oksijeni alisema, "Nimefundisha hewa miaka thelathini na minane, sasa naletewa kwa lori." Dada fundi alikuja kumwona mara mbili. Mara ya pili alimuuliza maswali manne mfululizo, na Mwalimu, aliyekatazwa kuongea, aliyajibu yote. Siku hiyo jioni alimwambia mpwa wake, "Kwenye wasifu wangu usiandike kwamba nilikuwa mwalimu bora. Andika swali la kumi na saba." Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa tatu na robo asubuhi, mkewe amemshika mkono. Barua ilikuwa mfukoni mwa mpwa, bila saini.

Imetiwa saini jana, Ijumaa. Mpwa mwenyewe alimpeleka fundi rangi shuleni, akasimama pale mpaka jina lake likafutwa. Amechelewa siku moja, na anaomba msimwambie si kitu.

Mwalimu Kwa Nini ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mmoja, na wanafunzi ambao hakuna aliyeweza kuwahesabu. Ameacha mpwa, wa pili katika darasa la saba la mwaka 1989. Na amemwacha Namba Wani, fundi wa friji, aliyekaa safu ya mbele kando ya mjane. Dada, tafadhali simama, watu wakuone.

Pumzika kwa amani, Mjomba. Barua imefika.