Kijerumani cha Cherehani

“Kijerumani chuo kikuu, kwa umri huo?” alishangaa mama aliyeketi kando ya fundi cherehani kwenye treni. Fundi akafunga daftari lake la Kijerumani. Lugha hiyo alijifundisha kwa kitabu cha maelekezo ya cherehani yake, na mwaka jana kwenye usaili, profesa alipomtaka ajieleze, yalimtoka yaleyale ya kitabuni: tia mafuta kabla ya kuanza, weka vidole mbali na sindano.

“Walicheka mpaka machozi, mama, wakanirudisha nyumbani.”

“Si uache, mwanangu? Aibu yote hiyo!”

“Niache? Mwaka mzima nimesoma huku nikipinda suruali za watu!”

Treni ikasimama, mama bado anatikisa kichwa. “Leo narudi kwenye usaili na sentensi zangu mwenyewe,” fundi alisema akishuka. “Ile ya mafuta nimeiweka akiba, wakicheka tena.”