Wafalme Kumi na Mmoja, Mama Hakuna Hata Mmoja

Benchi la wazee watatu wa kahawa ni la mbao, mguu wake mmoja ni tofali, na limekaa kati ya kibanda cha fundi saa na duka la kinyozi. Fundi saa wanamwita Dakika, kwa sababu kila saa uliyomwachia itakuwa tayari "baada ya dakika mbili", na mwezi ukiisha bado hajaifungua. Kinyozi ni Wakili: sheria hajaisoma, ila hajawahi kukubali kosa, hata siku ile alipomkata mteja sikio. Wa tatu ni Profesa, aliyelinda geti la chuo kikuu miaka ishirini akastaafu na msamiati. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa na Dakika alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Wiki iliyopita binti yake alijifungua mtoto wa kike, na mama yake Dakika, bi mkubwa wa miaka themanini na ushee, akatoa ombi moja tu: kitukuu apewe jina la mama aliyemzaa yeye bi mkubwa. Tatizo, jina lenyewe halijui. Mama yake alifariki yeye hajaota meno, na waliomlea walisema "marehemu" tu, mpaka wao nao wakawa marehemu. "Huo mtandao wenu si unajua kila kitu?" alimwambia mwanawe. "Basi uulize." Na karani wa vizazi alilitaka jina siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita.

— Umempata? — Wakili aliuliza huku akimimina kahawa.

— Nimepata zaidi — alisema Dakika. — Nimejiunga na ule mti wa ukoo wa mtandaoni. Nimeandika jina la baba, ukanipa babu. Nikamgusa babu, ukanipa babu yake. Nimepanda vizazi kumi na kimoja. Jamani, mimi ni wa kifalme!

— Mfalme wa wapi?

— Haijaandikwa. Wamechora taji tu.

— Mimi nilijua zamani — alisema Wakili. — Kichwa hiki nakinyoa mwaka wa tisa. Kisogo kile si cha raia.

— Mbona juzi ulikiita kiazi?

— Kwani mfalme hali viazi?

Profesa alikohoa, dalili kwamba elimu inakuja.

— Mbinu, ndugu yangu. Umetumia mbinu gani kufika huko juu?

— Kuna swali linatokea: "Je, huyu ni ndugu yako?" Nabonyeza ndiyo.

— Kila mara?

— Ningekataaje? Mtu anakuuliza kwa adabu kama fulani ni nduguyo, umkane mchana kweupe? Mimi sikulelewa hivyo.

— Hapo umefanya utu — alisema Wakili. — Ndugu hakataliwi. Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Profesa alivaa miwani akaichungulia simu.

— Huyu wa saba amezaliwa mwaka elfu moja mia saba na mbili. Amefariki elfu moja mia sita tisini na nane.

Walihesabu kwa vidole, wakarudia.

— Kafa kabla ya kuzaliwa — alisema Wakili kwa huzuni ya kweli. — Haraka haraka haina baraka.

— Kitaaluma inakubalika — alisema Profesa. — Mfalme ana mamlaka ya kuahirisha. Anaweza kutangulia kufa, halafu akapanga tarehe ya kuzaliwa.

— Basi niungeni na mimi — alisema Wakili. — Siwezi kunyoa ukoo wa kifalme halafu nibaki mtu baki.

Dakika akamwunga awe binamu, na Profesa akaunganishwa kama mjomba, maana alisema cheo cha chini ya hapo kingemvunjia heshima chuo. Mti ukafikiri kidogo, ukaleta mapendekezo: Wakili amemwoa bibi yake mwenyewe, mzaa baba.

— Napinga! — Wakili aliruka.

— Bonyeza hapana.

Wakili alinyoosha kidole, akakirudisha.

— Siwezi. Bibi alikuwa mtu mwema sana.

Wakati huo alifika dada mmoja mwenye sare ya uuguzi, kufuata saa yake ya mkononi iliyokuwa ya dakika mbili tangu mwezi uliopita. Dakika alianza kuifungua hapo hapo, simu akaiacha wazi mezani. Dada aliinama akausoma mti kutoka juu hadi chini.

— Samahani, baba zangu. Hawa wote ni wanaume?

— Wafalme — alimsahihisha Wakili.

— Naona. Walizaliwa na nani?

Profesa alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Dakika aliweka chini bisibisi, akaupandisha mti, akaushusha. Hakukuwa na mama hata mmoja. Hata mama yake Dakika hakuwemo. Yeye mwenyewe alining'inia kwa baba peke yake. Siku nne alikuwa akikusanya mataji, na upande aliotumwa hakuugusa.

Simu ikalia. Ni bi mkubwa.

— Tuko kwa karani. Umempata mama yangu?

— Mama... nimempata mfalme.

— Mfalme ndiye aliyeninyonyesha?

— Hapana, mama. Nisamehe. Nilitafuta upande wa baba. Upande wako sikuutafuta kabisa.

Kule upande wa pili mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

— Basi mpeni langu — alisema bi mkubwa. — Nami nisije nikabaki "marehemu" tu. Mtajie karani, mimi bila meno ananisikia vibaya. Unalijua lakini?

— Nalijua, mama.

Tangu shuleni Dakika hakuwahi kulitamka jina la mama yake mbele ya wanaume. Enzi hizo mwenzako akilijua, umempa fimbo ya kukuchapia. Alisimama, akasubiri karani ashike simu, akalitaja kwa sauti, herufi moja moja, mara mbili. Wakili na Profesa, waliokula nyumbani kwake miaka tisa, ndiyo kwanza wanalisikia.