Fundi Aliyekataa Kuharakishwa

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba wa baba mwalimu na mama mkunga. Alimaliza shule ya msingi, akajiunga na chuo cha ushonaji, akatoka na cheti pamoja na mdomo usioogopa mtu.

Mwaka 1975 alifungua chumba chake cha kushonea nyuma ya soko, na nguo za wajawazito ndizo zilizompa jina. "Tumbo nalo lina haki ya kupumua," aliwaambia wateja, akiwaongezea nafasi kiunoni.

Mwaka 1978 aliolewa na seremala, ambaye kwa furaha alichonga kitanda cha mtoto hata kabla ya harusi. Lahaula! Mtoto hakuja. Kitanda kikawa cha kuwekea vitambaa, na mawifi hawakuwa na salamu nyingine: "Wifi, lini?" Alipofika miaka arobaini wakaacha hata kuuliza. Hapo ndipo alipoumia zaidi.

Sasa sikieni! Siku moja mwaka 1998, akiwa na miaka arobaini na mitano, Fundi alitoa vitambaa vyote kitandani akavirundika barazani. Wateja wakaja mbio.

"Fundi, unafunga duka?"

"Nifunge nini? Tunaongezeka!"

Seremala alilia mbele za watu bila aibu. Kliniki, muuguzi alimwelekeza kwenye benchi la akina bibi waliosindikiza binti zao. "Mwanangu," akamwambia, "mjamzito ni mimi." Wapo waliosema kwa umri ule atakufa amwache mtoto angali mdogo. Yeye alikuwa na nepi za kupinda. Novemba akajifungua binti, mzima kabisa, mwenye sauti ya kuamsha majirani.

Mwaka 2023 Fundi alianza kuugua figo. Binti yake alikuwa akisomea udaktari wa mifugo. Shangazi akamvuta pembeni wodini: "Mpe mama yako mjukuu kabla hajaondoka." Maneno yakamwingia. Akamwambia mama yake kwamba ataacha masomo, aolewe upesi, azae.

Fundi, aliyekuwa hana nguvu ya kushika kikombe, akaketi wima.

"Nani kakutuma? Mimi nimesukumwa miaka nenda miaka rudi, najua inavyochoma. Usinizalie mimi. Zaa siku utakayotaka mwenyewe, na usipotaka, bado ni mwanangu."

Shangazi akadakia, "Lakini wifi, huyo mjukuu hutamwona!"

"Wifi, niliyekuwa namsubiri nimeshamwona. Huyu hapa."

Binti akarudi chuoni. Fundi alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye, daktari wa mifugo wa wiki mbili.

Ameacha mume, binti mmoja, dada wawili, mawifi na mafundi wengi aliowafundisha kazi. Mjukuu hakuacha, na aliagiza tusome hivyo hivyo, tusiweke "kwa bahati mbaya". Tumesoma, Mama.

Mungu akupumzishe kwa amani.