Bi. Kafedha Nyale na Kiu ya Njugu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kafedha Nyale, dereva wa Kituo cha Mkono kwa Mkono hapa Likoni, anakabidhi funguo za gari na kustaafu baada ya kututumikia miaka ishirini na miwili. Jarida limeniomba mimi, Nicanor Oduor wa idara ya mazoezi ya viungo, niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa kiti cha kando yake garini zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Nimeambiwa nitumie maneno ya heshima. Nitajitahidi, ila Bi. Kafedha hapendi kusifiwa bila kutaniwa kidogo.

Alikuja kutoka Kaloleni kuwa mfuaji wa shuka. Wakati huo, kama leo, wauguzi wetu walikuwa wakiwafuata nyumbani wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, na dereva tuliyekuwa naye alikuwa na ugonjwa uliompata kila Jumatatu. Jumatatu moja Bi. Kafedha aliuliza, kwa upole kabisa, kama kuna aliyemkataza mwanamke kujifunza udereva hapa kituoni. Mwaka uliofuata alikuwa na leseni, na akapewa gari dogo jeupe la milango mitatu ambalo wauguzi walikuwa wamekwisha kuliita Njugu.

Wanaomjua wanajua neno lake: mbona. Mbona magoti ya kina mama huuma kabla ya mvua? Mbona mguu huu umevimba na ule haujavimba? Nilipokuja kutoka bara nilidhani ananijaribu. Baadaye nikaelewa kwamba anataka kujua kweli, na ukimjibu ovyo atakuuliza tena kesho yake, tena mbele ya mgonjwa.

Mbona iliyompa jina ni ya mwaka juzi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na kamati ikagundua kwamba Njugu, pamoja na udogo wake wote, linakunywa karibu sawa na pikapu kubwa ya kituo. Tukaambiwa kuwa ikifika Pasaka bila nafuu, Njugu litauzwa, safari za kuvuka feri zitakoma, na pikapu itahudumia Likoni peke yake.

Uamuzi huo ulimwangukia mtu mmoja kuliko wengine wote. Mzee Mwidani, mpakiaji wa zamani wa bandarini, alianguka kutoka juu ya lori na hajasimama tena. Alikuwa mgonjwa wetu wa Bofu, hapa Likoni, hadi alipohamia kwa bintiye Junda, kule Kisauni, ng'ambo ya feri. Mpira wake wa mkojo lazima ubadilishwe na muuguzi, na ukichelewa homa humpanda vibaya. Bi. Kafedha alikuwa ameshaona homa hiyo mara moja. Alimwambia mwenyekiti wetu, Bi. Janice, kwamba mzee yule haachwi, na akaenda kufungua boneti.

Alianza na yale ambayo kila mtu hushauri. Akabadilisha plagi na kichungi cha hewa. Akatia matairi upepo wa kutosha. Buti ikatolewa madafu, mapazia ya mtu na jiko la mkaa ambalo hadi leo halijapata mwenyewe. Akaanza kuendesha bila viatu, akikanyaga mafuta kama mtu anayeogopa kuna kifaranga chini ya pedali. Kwenye foleni ya feri alizima injini, na foleni ikisogea alishuka, akashika usukani kwa mkono mmoja kupitia mlangoni na kulisukuma gari. Abiria pia alishuka. Nimesukuma Njugu hadi wauza korosho wa Likoni wakanizoea na kunipigia makofi. Nafuu ilipatikana, lakini kidogo, na Pasaka ilikuwa inakuja.

Kisha mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na akamwendea Fundi Sharif wa Bofu na swali jipya. Mbona Njugu hunywa zaidi siku za mvua? Sharif alicheka, akasema gari si mtoto, halishikwi na baridi. Bi. Kafedha hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anautazama mshale wa joto la injini zaidi kuliko barabara, jambo ambalo mimi, abiria wake, sikulifurahia hata kidogo.

Mshale ulikuwa umelala chini. Tulivuka daraja la Nyali jua la utosi likiwaka, sisi wenyewe tukichuruzika jasho, nao ukabaki palepale. Dereva yeyote wa Mombasa angeshukuru, maana hofu yake kubwa ni gari kuchemka. Lakini tulipofika Junda alifungua boneti, akashika mpira wa maji ya rejeta kwa kiganja kitupu, asiungue. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto. Ndipo akapata jibu. Injini baridi hupewa mafuta ya ziada mpaka ipate moto, na ya Njugu, katika joto hili letu, haikuwahi kupata moto.

Alifunga boneti, na hadi tunafika Likoni aliitazama barabara tu. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko mshale.

Kumbe alikuwa amekumbuka. Miaka mingi nyuma, Njugu lilichemka kwenye mteremko wa feri likiwa na mgonjwa ndani. Kesho yake Bi. Kafedha, kwa mkono wake mwenyewe, alikitoa kile kidude kinachoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, themostati, akakitupa. Hivyo ndivyo wengi wafanyavyo hapa. Husema joto la Mombasa latosha, kidude cha nini? Njugu halikuchemka tena, na kituo kilimtunukia leso mpya kwenye sherehe ya Krismasi kwa kazi hiyo njema.

Sharif alimtafutia kingine, na kabla ya kukifunga akakagua mfuniko wa rejeta, akakuta mpira wake umekufa. Huo, wala si themostati, ndio uliolichemsha gari siku ile ya feri. Akabadilisha vyote viwili. Kisha akamshauri kirafiki: "Nyamaza mama, gari limepona. Nani atauliza?"

Ushauri haukuwa mbaya. Bi. Kafedha alikuwa amebakiza miaka miwili tu, na kwenye kamati wapo waliokuwa wakisema kazi ile yataka kijana. Lakini aliona kwamba akinyamaza, dereva atakayemfuata atakitoa kile kidude siku ya kwanza gari litakapochemka, na Mzee Mwidani atarudi palepale. Akaingia kwenye mkutano, amejifunga leso ileile ya zawadi iliyopauka, akasema: "Mlikuwa mnauza gari kwa kosa langu. Kilichokuwa kikimaliza mafuta nilikifanya mimi, nanyi mkanipongeza." Akaeleza yote. Bi. Janice akamwambia leso abaki nayo, maana hata akiirudisha haina tena wa kuivaa. Fidel, dereva wa pikapu, aliomba ruhusa ya kutoka kidogo, na wiki hiyohiyo pikapu nayo ikaenda kwa Sharif.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo, muuguzi wetu Valarie aliuona mshale umepanda hadi katikati, akapiga kelele tusimame tutaungua. Bi. Kafedha alimwambia atulie, hapo ndipo mahali pake. Pasaka ilipofika, tangi lililokuwa likikauka kabla ya wiki kwisha lilikuwa na akiba, na Njugu halikuuzwa.

Wiki iliyopita Bi. Kafedha alimpeleka Valarie Junda kwa mara ya mwisho, nami nilikuwepo. Mzee Mwidani aliomba atolewe nje. Tulimbeba na mkwewe hadi kizingitini, tukamweka kwenye kiti. Miaka yote hii alikuwa akilijua Njugu kwa mlio tu, akiusikia kutoka kitandani na kumwambia bintiye aweke maji ya chai. Alilitazama toka matairi hadi paa. "Kumbe ni kigari kidogo hivi," akasema, "nacho chavuka maji kila mara kunifuata miye." Bi. Kafedha hakuwa na mbona siku hiyo. Alikwenda kusimama nyuma ya gari, na sote tukamwacha alie.

Bi. Kafedha, wenzako wa Mkono kwa Mkono tunakushukuru. Mungu akupe afya na siku nyingi za kupumzika Kaloleni. Na huko nyumbani, inshallah, uwe wewe wa kufuatwa: Jumamosi ya kwanza ya Januari tunakuja na Njugu, tia maji ya chai utakaposikia mlio.