Dkt. Sabiha Abdirashid na Karatasi ya Thelathini na Nane

Wasikilizaji wapendwa, mlioketi endeleeni kuketi, na mlio jikoni punguzeni moto kidogo mje karibu na redio. Ni Roselyne hapa. Leo tunamkumbuka mtu ambaye mwenyewe hakujua kuketi. Ni Daktari Sabiha Abdirashid wa Kitale, mtafiti, na mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja kule Bungoma. Alifariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Alizikwa Jumanne hiyo hiyo alasiri, kama dini yake inavyoelekeza.

Niwaambie jambo moja mapema, ili tusipotezane njiani. Sabiha amefariki kazi yake haijaisha. Kulikuwa na wakimbiaji thelathini na wanane aliotaka kuwaona uso kwa uso. Amewaona thelathini na saba. Amebaki mmoja, na mbio ni Jumapili hii hapa Kitale. Leo ni Alhamisi. Kwa hivyo mkinisikia naharakisha, mnisamehe.

Sabiha alizaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, mtoto wa fundi cherehani. Dada yake mkubwa, Bi Nasro, anasema alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kutambaa.

"Mama alikuwa anamfunga leso kiunoni, anafunga ile ncha ingine kwa mguu wa cherehani," Bi Nasro aliniambia. "Na bado unampata barabarani! Halafu maswali. Ati pasi inachoma aje na haijawa nyekundu? Baba akachoka, akamwambia, si ushike basi ujionee. Akashika kweli. Ile alama ya kiganjani tuliiona Jumanne tukimwosha."

Joto lisiloonekana, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililomsomesha. Alisoma fizikia mpaka akapata udaktari, ule wa vitabu. Majirani hawakuona tofauti. Walimgongea mlango na watoto wenye homa, naye aliwaeleza kwamba yeye si daktari wa aina hiyo, kisha akawasindikiza mwenyewe hadi zahanati. Mume wake, Sufian, muuzaji wa spea za baiskeli, anasema katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakumwona hata siku moja akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Sasa tufike kwenye utafiti wenyewe. Mkimbiaji akizidisha mazoezi, mfupa wa mbele ya mguu, huu ulio chini ya goti, hupata ufa mwembamba sana. Akiendelea kukimbia nao, siku moja mfupa unakatika. Mashine za kuuona ufa huo mapema ziko mbali na mlima wanakofanyia mazoezi, na foleni yake ni ya miezi. Sabiha akawaza hivi: penye ufa pana joto. Ipo kamera inayopiga picha ya joto badala ya mwanga. Tupige miguu picha, kisha tuifundishe kompyuta kutofautisha mguu mzima na mguu wenye ufa. Hapo fizikia, tiba, michezo na kompyuta vikaingia chungu kimoja.

Upande wa kompyuta ulikuwa wa Zachary Kibe, mwanafunzi wake wa shahada ya juu, baba wa watoto wawili, kutoka familia ya wakulima wa mahindi hapa Trans-Nzoia. Wawili hao walikusanya picha kwa miaka mitatu. Wakimbiaji wazima walipigwa picha Kapsokwony, alfajiri, kando ya barabara ya mazoezi. Wenye ufa walipigwa picha hospitalini Bungoma. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Wazima, mlimani. Wagonjwa, hospitalini.

Kompyuta ikafunzwa, ikaiva. Katika kila picha mia, ilijibu sawasawa tisini na sita. Makala yao ikachapishwa katika jarida la ng'ambo. Chuo kikachinja mbuzi, na Sabiha akala akiwa amesimama. Makocha wakaanza kuwaleta wakimbiaji wao wapimwe kabla ya mbio, na kila aliyepita alipewa karatasi yenye muhuri iliyosema: mzima. Karatasi thelathini na nane zilitoka.

Moja ilikuwa ya Joan, msichana wa Kapsokwony. Mwezi wa sita Joan alikimbia kule Bungoma. Kwenye kilomita ya kumi na tisa, akiwa wa pili, mfupa ulikatika. Watu waliokuwa kando ya barabara wanasema waliusikia.

Sabiha alifika wodini kabla plasta haijakauka. Alimkuta mamake Joan akimsugua binti yake ule mguu mwingine kwa mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya kopo, ambayo huku kwetu binadamu huyamaliza kabla ng'ombe hajaguswa. Joan mwenyewe amenisimulia mazungumzo yale.

"Unapaka haya lini?" Sabiha aliuliza.

"Kila asubuhi, madam, kabla ya mazoezi. Si kila mtu hupaka? Hiyo baridi ya mlima itakukata."

"Hata ile siku nilikupiga picha?"

"Ile siku ndio nilipaka mingi, bana. Kulikuwa na umande."

Sabiha akamgeukia muuguzi. Akamuuliza kama wagonjwa wake nao hupakwa mafuta kabla ya picha. Muuguzi akacheka. "Hapana, madam. Hapa sisi tunawapangusa na spiriti kwanza. Hiyo ndiyo sheria ya wodi."

Joan anasema madam aliinuka, akaketi, akainuka tena, akatoka bila kuaga.

Mtoto wa fundi cherehani hakuwahi kukamua ng'ombe. Hakujua kwamba mlima mzima hupaka miguu alfajiri. Naye Zachary, aliyekulia kwenye mafuta hayo, hakuona ajabu yoyote ya kutaja. Nani hutaja kwamba watu wamevaa viatu? Ngozi yenye mafuta hutoa joto kwa namna yake mbele ya kamera. Miaka mitatu yote wazima walikuwa na mafuta, na wagonjwa hawakuwa nayo. Kompyuta ilikuwa imejifunza kutambua mafuta. Mfupa haikuujua.

Jioni ile ile alimwambia Zachary akunje suruali. Alimpaka mafuta mguu wa kulia, wa kushoto akaupangusa kwa spiriti. Kompyuta ikasema wa kulia ni mzima, wa kushoto una ufa. Akabadilisha. Ufa nao ukahama mguu. Na Zachary, wasikilizaji wapendwa, nisameheni kusema, ni mtu ambaye hajakimbia tangu shule ya msingi.

Walicheka. Kisha Sabiha akalia. Zachary anasema alilia akizunguka meza, akihesabu kwa vidole wale waliobeba karatasi zake.

Mkubwa mmoja pale kazini, ambaye jina lake sitalitaja, alimshauri arekebishe mambo polepole katika makala ijayo. Nani atajua? Hata Zachary alimsihi. Shahada yake yote ilisimama juu ya kazi ile. "Nilimwambia, madam, si tungoje nimalize kwanza, miezi minne tu," Zachary alinieleza, na hakuficha aibu yake. "Akaniuliza, na katika hiyo miezi minne kuna mbio ngapi? Nikahesabu. Zilikuwa sita."

Siku iliyofuata Sabiha aliandikia jarida akaomba makala iondolewe, na sababu akaiandika wazi, mafuta na yote. Watu wa fani yake wengine walimsifu. Wengine walimcheka, wakamwita daktari wa ng'ombe. Kisha akavaa raba, akaanza kuwatafuta wenye karatasi, mmoja mmoja. Hakutaka kupiga simu. Alisema aliwapa karatasi kwa mkono wake, atazichukua kwa mkono wake.

Alipanda Kapsokwony kwa pikipiki, mvua na jua. Alishuka Kimilili, akafika Matulo. Alikaribishwa na alifukuzwa. Kocha mmoja alimwambia amevuruga akili za watoto wake. Mkimbiaji mmoja alimlalamikia, "Madam, ulisema niko mzima nikawa mzima. Sasa unasema hujui, na mguu umeanza kuuma leo leo!" Sabiha alimwomba msamaha, kisha akampeleka hospitali. Kati ya wale aliowafikia, watatu walipatikana na ufa wa kweli. Watatu hao leo wanapumzisha miguu yao, na mifupa yao haijakatika.

Bi Nasro alimwonya. "Nilimwambia, mdogo wangu, huo moyo wako daktari ameshausema, pumzika. Akaniambia, dada, nitapumzika nikimaliza orodha."

Jumatatu jioni orodha ilibaki na jina moja, Kemboi Ndiema wa Kapsokwony. Simu yake haiingii. Nyumbani walisema ameenda kufanya vibarua Matulo. Matulo wakasema ameondoka, labda yuko Kimilili. Sabiha alimwambia mumewe kwamba kesho yake ataamkia Kimilili. Asubuhi alikuwa anafunga kamba za raba, mkono mmoja umeshika kikombe, moyo ukasimama.

Waandaaji wa mbio wamejulishwa. Wanasema wamesajili watu zaidi ya mia sita, na Kemboi ni wengi kuliko vidole vya mikono. Namba zimeshagawanywa kwa makocha. Wataangalia, lakini hawaahidi.

Jana nilikwenda kwa Sufian kumpa pole. Nyumba ilikuwa imejaa, watu wanaleta sukari, unga, viti vya kuazima. Akanivuta kando.

"Roselyne dada yangu," akasema, "watu wananiambia pole, nami nashukuru. Lakini mimi sijaipokea bado. Wewe uko na redio. Nitafutie huyo kijana. Akipatikana, nitakaa chini nimlie bibi yangu."

Ndipo akanionyesha daftari la Sabiha. Kila mkimbiaji ana ukurasa. Kwenye ukurasa wa Kemboi, siku ile ya kupimwa, Sabiha aliandika kwa mwandiko wake wa haraka: *Anasema mguu wa kushoto unauma jioni. Kompyuta inasema mzima. Tumempa karatasi.* Chini yake, kwa wino mwingine, wa majuzi, ameandika: *Alituambia.*

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa rambirambi kwa Sufian, kwa Bi Nasro, kwa jamaa wote wa msikiti wa Kitale, na kwa wanafunzi wa Bungoma ambao mwalimu wao hatarudi. Mola amrehemu, ampe kauli thabiti. Sufian, najua hujaipokea. Tunakuwekea.

Nasi wengine tujiulize. Ni mara ngapi mtu ametuambia panauma, tukamjibu kwamba karatasi inasema hapaumi? Mzazi amemjibu mtoto hivyo, mwalimu amemjibu mwanafunzi, na mimi nimewajibu watu hivyo hapa hapa studioni. Na tukijua tumekosea, ni wangapi kati yetu tutavaa viatu turudi kusema? Naona haya kulijibu swali hilo hewani.

Sasa nawaomba kitu. Kama uko Kimilili, toka nje uulize jirani. Kama uko sokoni, ongeza sauti ya redio. Kijana ni mrefu, ana pengo la jino la mbele, anakimbia na kofia ya kijani. Ni Kemboi Ndiema wa Kapsokwony. Aliyemwona apige simu studioni saa hii, msimamizi wetu wa simu yuko tayari.

Na wewe Kemboi, kama unanisikia, usikimbie Jumapili. Nenda hospitali ya Bungoma ukapigwe picha ya mfupa, Zachary atakungoja mlangoni. Karatasi uliyo nayo ichane. Uliwaambia mguu unauma wakakwambia hauumi, na madam Sabiha alikuwa njiani kuja kukuambia kwamba wewe ndiye uliyesema kweli.